Mtani akitwaa kombe: namna ya kuipita wiki ile bila ya kuhama barza

Simba na Yanga ni timu za mpira za Dar es Salaam, tena za eneo moja. Yanga wana klabu yao Jangwani, Simba wako Mtaa wa Msimbazi, zote Kariakoo, na mtu huenda kwa miguu kutoka kwa huyu mpaka kwa yule. Lakini utani wao ulivuka bahari zamani, ukafika Zanzibar. Kuanzia Jaws Corner kule Mji Mkongwe, Unguja, mpaka barza za Wete na Mkoani kule Pemba, mahali watu wanapokaa kuzungumza na kunywa kahawa, watu wamegawika pande mbili, na siku upande mmoja ukishinda, upande wa pili hauna pa kujificha.

Linalolifanya jambo hili kuwa zito visiwani ni kwamba mtani si mtu wa mbali. Ni jirani mnayeswali safu moja alfajiri, ni shemeji yako, ni muuza samaki wako Darajani. Huwezi kumkwepa wiki nzima, na ukimkwepa anajua kwa nini. Kwa hivyo kinachotakiwa ni kujua la kufanya saa kwa saa, ili kipigo kibaki cha timu na kisiwe cha udugu. Maelezo haya ni ya pande zote mbili, kwa kuwa zamu hugeuka: Simba walichukua ubingwa mara nne mfululizo, 2017/18 hadi 2020/21, na Yanga nao wakachukua mara nne mfululizo, 2021/22 hadi 2024/25.

Kabla ya filimbi

Maumivu mengi ya baada ya mechi mtu hujitengenezea mwenyewe siku tatu kabla. Kila neno la tambo ni deni, na barza haisahau. Siku hizi pia kuna simu za kurekodi sauti. Kipimo kizuri ni hiki: msifu mchezaji, usitangaze matokeo. "Kiungo wetu atawasumbua" husameheka hata mkifungwa. "Tunawapiga nne" haisameheki. Na ahadi za kunyoa kichwa au kutembea kwa miguu mpaka Bububu usizitoe kabisa, maana kuna watu watakufuata kwa baskeli kuhakikisha umefika.

Kuweka dau ni kosa jengine. Hata likiwa la kahawa tu, sharti la "atakayefungwa atalipa" ni kamari, na wazee wa barza watakwambia hivyo hivyo. Ukitaka kuwanywesha wenzako, wanyweshe siku ya pili kwa hiari yako, bila ya sharti lililotangulia. Faida ya jambo hilo tutaiona mbele.

Mahali pa kutazamia nako kuna hesabu yake. Kwenye kibanda umiza, lile banda la kutazamia mpira, kaa ubavuni, safu ya tatu au ya nne kutoka mlangoni. Mashabiki wengi hukimbilia mbele kwa sababu ya skrini, wakasahau kwamba banda likijaa hakuna njia ya kutoka. Bao la pili likiingia, wewe uliye mbele utapita mbele ya watu mia huku unakata skrini, na kila mmoja atakuwa na neno lake. Wa ubavuni anatoka akanywe maji, anapumua, anarudi, na hakuna aliyemuona.

Jambo dogo linaloumiza kuliko linavyodhaniwa ni kuchelewa kwa picha. Anayetazama kwa intaneti hupata picha baada ya mwenye king'amuzi, kwa sababu simu huhifadhi kipande cha video kwanza ndipo icheze. Redio nayo mara nyingi huwatangulia wote wawili. Matokeo yake unasikia nderemo kutoka banda la jirani wakati wewe bado unaona mpira uko katikati ya uwanja, na unakaa na hofu sekunde kadhaa ukisubiri kujua ni bao la nani. Chagua chanzo kimoja, zima redio, weka simu mfukoni.

Dakika tano za kwanza baada ya mechi

Usiondoke kabla ya filimbi ya mwisho. Aliyetoka dakika ya 80 ndiye hutafutwa kesho yake, kwa sababu wenzake wana hamu ya kumuhadithia alichokikosa. Filimbi ikilia, simama, nyoosha mkono kwa mtani aliye karibu na useme maneno mawili matatu tu: "Hongereni, leo mmecheza." Hapo basi.

Mahali watu wanapoteleza ni kwenye neno "lakini". "Hongereni, lakini ile penalti…" si pongezi tena, ni mjadala, na mjadala wa usiku ule huwezi kuushinda: wao wana furaha, wewe una hasira, na mwenye hasira husema asilolikusudia. Kama kweli una malalamiko juu ya muamuzi, yaweke mpaka kesho. Tafuta kipande cha video, jua ni dakika ya ngapi, kisha ulete hoja. Ikifika asubuhi huna video wala dakika, basi ilikuwa ni hasira tu.

Aliyevuka kwenda uwanja wa Benjamin Mkapa ana mtihani mrefu zaidi, kwani atarudi na boti ya asubuhi, kiasi cha saa mbili baharini pamoja na watani waliovaa jezi na wasiolala. Chukua shati la kawaida kwenye begi na ubadilishe kabla ya kupanda. Si kwa kuona haya. Jezi yako humpa kila mpita njia sababu ya kuanza, na kwenye boti hakuna kituo cha kushukia.

Simu

Usiku wa kwanza simu ndiyo barza yenye kelele zaidi, na haina mzee wa kuinyamazisha. Ifanyie kazi kabla hujalala.

Fungua kila kundi la WhatsApp lenye watani, gusa jina la kundi, uzime arifa. Utaulizwa muda: saa 8, wiki moja, au daima. Chagua wiki moja. Saa 8 hazitoshi, zitaisha alfajiri wakati utani ndio kwanza unaanza tena, na daima itakupotezea habari za khitma na harusi. Usitoke kwenye kundi. Ukitoka, wasimamizi wa kundi huona, na kurudi kwake kuna aibu kuliko kipigo chenyewe.

Kisha ingia kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, uzime kupakua picha na video zenyewe. Usiku wa ushindi kila mtu hutuma video ile ile mara kumi, na kifurushi chako ndicho kinachoilipia furaha yao.

Mwisho, usiandike kitu kwa saa moja baada ya mechi. Ikiwa umeshaandika, WhatsApp hukuruhusu kuurekebisha ujumbe ndani ya dakika 15, na kuufuta kwa wote ndani ya siku mbili na ushei. Ukifuta, itabaki alama ya kuwa umefuta, na alama hiyo nayo huzua maswali, lakini afadhali maswali kuliko neno lililomgusa mzazi wa mtu.

Kuhusu mwili: acha kahawa baada ya isha usiku huo, kwani usingizi tayari utakuwa mgumu. Kula, hata kama huna hamu. Mwenye presha asiache kidonge chake kwa ajili ya mpira. Na mtu akihisi kifua kimebana kwa dakika kadhaa, jasho la baridi, au maumivu yanayoshuka mkono, hiyo si huzuni ya timu, apelekwe hospitali usiku ule ule.

Asubuhi ya barza

Hapa ndipo penye mzizi wa jambo lote: nenda. Nenda siku ya kwanza, nenda mapema, kaa mahali pako pa kila siku. Utani juu ya mtu aliyepo una mpaka, kwa sababu anaonekana uso wake na watu humuonea haya. Utani juu ya asiyekuwepo hauna mpaka. Kila anayefika anaongeza chumvi, na ukija kutokea siku ya nne unakuta hadithi nzima imeshatungwa na wewe ndiye mhusika mkuu.

Nusu saa inatosha. Dakika kumi za mwanzo acha kila mtu atoe lake, usijibu hata moja. Salamu ziko pale pale: mkubwa wako wa umri ni shikamoo, hata awe amevaa jezi ya watani mpaka kofia. Wakishapoa, mwite muuza kahawa, agiza duru moja ya vikombe na kashata kwa wote waliopo. Hii ndiyo ile hiari niliyoitaja. Inafanya kazi kwa sababu mtu akishashika kikombe chako mkononi ni vigumu kwake kuendelea kukuzodoa kwa kinywa hicho hicho, na kwa sababu wewe ndiye uliyechagua mazungumzo yaishie wapi. Ukinunua kabla hujakaa, itaonekana unawanyamazisha. Subiri kwanza wacheke.

Ukijibu, jibu kwa takwimu moja iliyo sahihi, kisha nyamaza. Shabiki wa Simba anazo: mabao 6-0 mwaka 1977, Abdallah Kibadeni akifunga matatu, 5-0 ya Mei 2012, na mwaka 2003, walipomtoa Zamalek aliyekuwa bingwa wa Afrika, tena kwa penalti kule Cairo. Shabiki wa Yanga naye anazo: 5-0 ya mwaka 1968, wakati Simba bado wakiitwa Sunderland, 5-1 ya tarehe 5 Novemba 2023, na ushindi wa 1-0 Algiers mwezi Juni 2023 kwenye marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ambayo USM Alger waliichukua kwa bao la ugenini tu. Ukipanga zote kwa mkupuo, unaonesha umeumia. Na takwimu ikiwa ya zamani mno itarudi kwako: ukitaja 1977 na ulizaliwa baada ya hapo, mtu atakuuliza nani alikuhadithia.

Kuna mambo hayaingii kwenye utani hata siku moja, na ni wajibu wa aliyefungwa kuyajua kwa sababu ndiye mwenye hasira: wazazi wa mtu, dini yake, chama chake, asili yake iwe Unguja, Pemba au bara, maradhi na msiba. Mtani akivuka mpaka huo, usimrudishie. Nyamaza, tazama chini, na mkubwa wa barza atamkemea yeye. Ukimrudishia, mtakemewa wote wawili, na la mpira litakuwa limeshasahaulika, limebaki lile baya zaidi.

Nyumbani

Nyumba yenye timu mbili inataka mkataba wa mapema: mpira hautajwi mezani wala chumbani. Ukumbini ruhusa.

Wanawake wana silaha yao, kanga, na wanaijua zaidi ya kitabu chochote. Jirani akitoka asubuhi kavaa rangi ya timu yake na jina la kukuchokoza, lipo jibu la heshima: "Japo sipati tamaa sikati." Linakubali kwamba leo hukupata, na linasema bado upo. Epuka kanga yenye fumbo la uadui kwa ajili ya mpira. Fumbo likishavaliwa huwezi kueleza kwamba ulikusudia timu tu. Jirani atalichukua kuwa ni lake na la nyumba yake.

Akileta sahani ya pilau ya kusherehekea, ipokee. Usirudishe sahani tupu, kama ilivyo ada, tia chochote ulichonacho.

Watoto ndio huumia bila ya kusema. Skuli na madrasa hazina mzee wa barza, na mtoto aliyevaa rangi ya timu iliyofungwa huzongwa na kumi kwa pamoja. Siku ya kwanza mpe jibu fupi la kusema, "Tutakutana tena," na umkataze kubeba kitu chochote chenye nembo. Usimwambie aache kuipenda timu. Na usimuoneshe wewe umenuna, kwani hasira yake atainakili kwako.

Mtani akifika fainali ya Afrika

Hili ni gumu zaidi, na Zanzibar imeshalipitia mlangoni. Tarehe 25 Mei 2025 Simba walicheza marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho na RS Berkane ya Morocco pale uwanja wa Amaan, wakatoka 1-1 baada ya kufungwa 2-0 ugenini. Kila shabiki wa Yanga mjini alilazimika kuamua: nishangilie, ninyamaze, au niombe wafungwe?

Amua mapema na useme ukweli wako. Kunyamaza kunaruhusiwa. Kujifanya unashangilia hakufai, uso hutoboa siri. Ukienda uwanjani, vaa nguo isiyo na rangi ya timu yoyote. Usivae jezi ya wageni ukakaa kati ya wenyeji. Hata kama huna nia mbaya, umati haujui nia, na askari watakutoa wewe kwa kuwa wewe ni mmoja.

Kabla hujaomba wafungwe, zijue hesabu. CAF, shirikisho la mpira la Afrika, huzipanga nchi kwa pointi za miaka mitano, na nchi 12 za juu huingiza timu nne kila moja: mbili Ligi ya Mabingwa, mbili Kombe la Shirikisho. Nchi nyengine huingiza mbili tu. Aliyefika fainali ya Shirikisho hupata pointi 4, na kwa msimu wa karibuni kabisa pointi huzidishwa mara 5, kwa hivyo fainali ile moja iliipa Tanzania pointi 20. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa ni pointi 3, na msimu wa 2023/24 Simba na Yanga walifika hapo wote wawili. Hizi ndizo pointi zinazomfanya mshindi wa pili wa ligi acheze Ligi ya Mabingwa. Ukimaliza wa pili na bado unacheza Afrika, sehemu ya tiketi yako imekatwa na mtani. Klabu za Zanzibar ziko nje ya hesabu hii, kwa kuwa zinaingia CAF kwa nafasi zao wenyewe.

Msimu mzima ukiwa wa mtani

Mechi moja hupita kwa wiki. Ubingwa unakaa miezi, na ukirudiwa mara tatu mara nne, mtu huanza kufikiri mambo mawili: kuacha mpira au kuhama timu.

Kuhama usikujaribu. Wapya hawatakuamini na wa zamani hawatakusahau. Katika mji wa Chicago, Marekani, kuna timu mbili za besiboli, Cubs wa kaskazini na White Sox wa kusini, na treni moja inapita karibu na viwanja vyote viwili. Cubs walikuwa hawajachukua ubingwa tangu 1908, White Sox tangu 1917. Mwaka 2005 waliopata kwanza ni White Sox, na mashabiki wa Cubs wakaishi na jambo hilo kwa miaka 11, mpaka 2016 zamu yao ilipofika. Aliyebadilisha kofia 2005 hakuwa na kofia ya kuvaa 2016.

Dawa iliyo karibu zaidi ni timu ya hapa hapa. Nenda ukatazame Ligi Kuu ya Zanzibar, kwenye viwanja vya Amaan au Mao, na kwa Pemba Gombani. Chagua timu ya mtaa wako, jifunze majina ya wachezaji kumi na mmoja, nenda mechi tatu mfululizo ndipo uamue. Unapata mpira wa kuuona kwa macho, wachezaji unaowasalimia njiani, na furaha isiyotegemea Kariakoo. Mlandege walichukua Kombe la Mapinduzi mwaka 2023, na Januari 2024 wakalichukua tena kwa kuwafunga Simba 1-0 fainali. Siku ile aliyekuwa na timu ya nyumbani hakuhitaji kumsubiri mtani afungwe na mtu mwengine.

Jezi yako ifue kwa maji baridi ikiwa ndani-nje, ianike kivulini, kwani jua letu hupausha nembo na maji ya moto huibandua. Usiipige pasi juu ya maandishi. Kisha iweke kabatini sehemu ya juu, si chini ya sanduku. Msimu mpya hufunguliwa kwa Ngao ya Jamii, na watani hukutana mapema: Yanga walimaliza 2022/23 wakiwa mabingwa, na Agosti 2023 Simba wakawanyang'anya Ngao kule Tanga, kwa penalti. Waliokuwa wamezificha jezi zao walizivaa siku ile zikiwa na mikunjo na harufu ya nondo.